Kucheza na wadogo kando ya ziwa si kupoteza vakansi



Katika namba ya mwisho ya gazeti letu, kabla ya vakansi kubwa, mwenzetu mmoja finalisti alitupa mashauri juu ya namna ya kutumia mwezi wa saba na wa nane. Alisema turudilie masomo, tusaidie wazazi, tusizurure ovyo. Mambo hayo yote tunayakubali. Lakini mwishoni aliongeza neno moja ambalo halikutupendeza. Alisema kwamba mwanafunzi mkubwa anayeonekana kando ya ziwa akicheza mashua pamoja na watoto wadogo anapoteza wakati wake na kujishushia heshima.

Basi, sisi ndio hao. Pengine alituona sisi wenyewe, kwa maana tulikuwa huko karibu kila siku. Sisi ni ndugu watatu tunaosoma katika shule hii: mmoja humanite ya tatu, mmoja humanite ya kwanza, na mmoja mwaka wa saba. Nyumbani kuna wadogo wetu wawili, wa miaka 9 na wa miaka 6. Yule wa miaka 6 ndiye kitinda mimba, na ndiye Kapiteni wa mashua yetu. Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti hili ili tujibu, bila hasira, maana mwenzetu ni kaka yetu na tunamheshimu.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa sababu hauwezi kuhukumiwa na mtu asiyeujua.

Katika vitabu vya Kifaransa tulivyosoma shule ya msingi, watoto wa vakansi wako daima baharini. Wanajenga nyumba za mchanga, wanaokota konokono za bahari, kila mmoja na ndoo yake ndogo. Sisi wa Goma hatuna bahari, na mchanga wetu ni kidogo sana. Tuna mawe meusi ya volkano ambayo yanakata miguu. Lakini tuna Ziwa Kivu, lililo juu ya usawa wa bahari kwa meta karibu 1,460, na chini yake kunafika meta zaidi ya 480. Mtoto akisimama kandoni wakati wa kiangazi, ukungu ukiwa umefunika kisiwa cha Idjwi, haoni upande mwingine. Kwake yeye hiyo ni bahari kabisa, na ni nani atamwambia hapana?

Siku moja Kapiteni aliuliza: "Yaya, mayi hii inaendaka wapi?" Swali la mtoto, lakini hatukuwa na jibu palepale. Tulifungua kitabu cha jiografia jioni ile. Maji ya Kivu yanatoka Bukavu kwa mto Ruzizi na kushuka mpaka Uvira, yanaingia Ziwa Tanganyika. Tanganyika nayo inatoka Kalemie kwa mto Lukuga, unaokwenda kukutana na Lualaba. Kutoka pale ni Kongolo, Kasongo, Kindu, Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, Matadi, Boma, na mwisho Banana, ambapo mto wetu mkubwa unamwagika katika Atlantiki. Pwani yote ya nchi yetu kwenye bahari ile haipiti sana kilometa 40, lakini ni yetu. Kumbe basi, maji tunayoteka asubuhi ni ndugu ya maji ya bahari! Mtu akiweka kitu chepesi juu ya Kivu, na kisikwame popote, kitafika Banana.

Ndipo mchezo ulizaliwa. Tulikata kandambili za zamani katika umbo la mashua, tukasimamisha kijiti, tukafunga sashe kuwa tanga, na kamba nyuma ili isipotee. Mawe ya kando ya ziwa yakawa miji. Jiwe la kwanza Bukavu, la pili Uvira, na kuendelea mpaka jiwe moja refu lililoingia ndani ya maji, ndilo Banana. Kila mji una kazi yake. Bukavu unalipa ruhusa ya kupita kwenye mtambo wa umeme wa Ruzizi. Kalemie unatafuta mlango wa Lukuga, ambao umejificha. Kisangani unashuka na kubeba mashua kichwani kwa sababu ya maporomoko ya Wagenia. Kinshasa vilevile, maana kutoka pale mpaka Matadi mto unaruka mawe na meli haipiti. Aliyesahau mji anarudi Goma na kuanza upya.

Tunawauliza walimu wetu wa jiografia: ni wanafunzi wangapi wa humanite wanaoweza kutaja miji hiyo kwa kufuatana bila kutazama karata? Kapiteni wetu, ambaye hajamaliza kujifunza kusoma, anaitaja yote. Na sisi watatu, tuseme ukweli, tuliijua vizuri kwa sababu yake. Mtu anayefundisha mdogo wake hawezi kubahatisha, kwani mdogo atamwuliza tena kesho.

Hiyo ni sehemu tamu. Sasa tufike kwenye sehemu ngumu, maana hatutaki kudanganya wasomaji kwamba ziwa ni uwanja wa mpira.

Ziwa letu lina sifa kwamba halina mamba, na kwa hiyo wengi wanalidharau. Lakini lina hatari zake. Ya kwanza ni kwamba mawe ya volkano yanashuka gafula: hatua mbili maji ni ya magoti, hatua ya tatu hakuna chini. Ya pili ni upepo wa kiangazi, ambao mchana unaamsha mawimbi pale ambapo asubuhi kulikuwa kimya. Sote tunakumbuka tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa kandoni wanatazama. Wengi walikufa, na karibu kila kartie ilikuwa na kilio. Baada ya siku ile wadogo wetu walicheza mchezo mmoja tu kwa majuma mengi: mashua inazama, na wao wanaokoa kila mtu. Hatukuwakataza. Tuliona ni namna yao ya kulia.

Hatari ya tatu ni mazuku. Wazee wanasema maana yake ni upepo mbaya. Ni gesi ya kaboniki inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano, na upande wa magharibi wa mji, kule Himbi, Kyeshero mpaka Bulengo, iko mahali pengi kando ya ziwa. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Sasa fikirini vizuri jambo hili: mtu mzima anaweza kusimama mahali pale na kichwa chake kikawa katika hewa safi, na mtoto aliye kando yake, kwa sababu ni mfupi, akawa ndani ya gesi. Hatari ya mdogo si hatari ya mkubwa, ijapokuwa wamesimama mahali pamoja.

Tunaandika hayo kwa sababu yametupata.

Ilikuwa mwezi wa nane. Njia ndogo tuliyozoea kupita kwenda majini tuliikuta imefungwa na ukuta mpya. Tulizunguka, tukaenda mbele zaidi upande wa magharibi, mahali ambapo hatukuwa tumecheza kamwe. Ilikuwa asubuhi, bado saa moja, hakuna upepo hata kidogo. Tulipanga mawe, mashua ikaondoka. Bukavu, Uvira, Kalemie, mambo yakawa mazuri.

Lazima tueleze hapa kwamba mchezo wetu una sheria: kila mji tunahesabiana. Sheria hiyo hatukuitoa katika mchezo, tuliitoa barabarani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na asubuhi ya tarehe 27 serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Sisi tulikwenda kwa miguu njia ya Sake pamoja na maelfu ya watu. Kitinda mimba alikuwa mgongoni mwa mama. Baba alituambia kila baada ya mwendo kidogo tupaaze namba zetu: moja, mbili, tatu, nne, na mama anajibu tano kwa ajili ya mtoto. Watoto wengi walipotea siku ile katika msongamano, sisi hatukupotea. Tangu hapo tunahesabiana kila mahali, hata sokoni.

Basi tulipofika Kisangani tukahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Halafu kimya.

Tuligeuka. Kapiteni alikuwa ameshuka katika shimo moja nyuma ya mawe, si refu, pengine kama meta moja na nusu. Alikuwa amechuchumaa, anatengeneza bandari ya siri. Kando yake palikuwa na ndege mdogo amekufa na mijusi miwili imekufa vilevile. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Mkubwa wetu alitaka kuruka ndani, lakini wa pili alimshika shati, kwa maana tunajua kwamba wengi wanaoingia na kuinama ili kuokoa wanaanguka pia. Tukapiga kelele sote pamoja: "Kapiteni! Simama! Panda juu! Hesabu!" Akasimama. Akapanda. Alipofika juu akasema "tano", akakaa chini, akatapika. Kichwa kilimwuma mpaka saa sita. Tulimbeba mpaka nyumbani na kumwambia mama kila kitu, hatukuficha, na adhabu tuliyopata tulistahili.

Sasa tunajua mtasema: Mmeona? Mmejihukumu wenyewe. Msingekwenda ziwani, hayo yasingetokea. Hata mama alisema hivyo siku ile: "Kuanzia leo, ku ziwa hapana tena!"

Lakini juma moja halikuisha. Maji yalikosekana kwenye bomba, na mama mwenyewe aliwapa wadogo bidoni ndogo za litre 5 waende ziwani. Hatumlaumu mama. Nyumba nyingi za mji huu zinaishi hivyo. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, saa ileile ambayo mazuku ina nguvu, watoto wa miaka 7, 8, 9 wanashuka ziwani na bidoni zao, na wengi hawana mkubwa yeyote. Wakiisha kuteka, wanacheza, kwa sababu ni watoto. Hakuna anayewahesabu.

Hapo ndipo neno letu liko, na tunaomba mwenzetu finalisti alisome mara mbili. Kwa watoto wa Goma hakuna kuchagua kati ya kwenda ziwani na kutokwenda. Watakwenda tu. Maji yako huko, samaki wako huko, ndugu wanashuka mashua huko. La kuchagua ni kama watakwenda peke yao au pamoja na mkubwa. Na mkubwa anayekaa mbali chini ya mti na simu yake, akipaaza sauti "Mutoke kule!" kila dakika kumi, hatoshi. Kapiteni wetu hakusikia maonyo yetu mengi juu ya mashimo. Nyumbani tulikuwa tumemwambia juu ya mazuku tangu zamani, akaitikia "ndiyo" kama watoto wote. Kilichomtoa shimoni ni sheria ya mchezo, maana sheria ile alikuwa anaipenda.

Baada ya kupona alitunga sheria mpya yeye mwenyewe: meli haitii nanga shimoni. Pahali penye ndege aliyekufa au majani yaliyokauka peke yake, meli inageuka. Asubuhi kusikokuwa na upepo, meli inangojea bandarini mpaka jua lipande. Bidoni haipandi nyumbani kabla ya kupita kwa mtu wa klori, kwa sababu ya kolera. Sheria hizo sasa zinajulikana na watoto wa avenii yetu yote, hata wale ambao hawajasikia neno mazuku kutoka kwa mtu mzima. Tungewaandikia kwenye karatasi na kuibandika ukutani, ni nani angesoma?

Kwa hiyo tunamjibu mwenzetu hivi. Kwanza, juu ya wakati: masomo tulirudilia, jioni, na pointi zetu mtaziona. Pili, juu ya heshima: wavuvi wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanatoka jioni na taa zao, na wanapopiga makasia wanaimba. Ni wazee wenye watoto na wajukuu. Je, wanapoimba wanapoteza heshima? Wimbo ndio unaoshika mikono yote katika mwendo mmoja. Mchezo wetu unafanya kazi hiyohiyo. Tatu, mkubwa anayeona haya kucheza na mdogo wake mbele ya watu, huyo mdogo atacheza na wengine, na atakayoyajifunza kwao hatutayajua.

Tunaomba mambo manne, tena madogo.

Kwenu wanafunzi wakubwa: katika vakansi ijayo toeni asubuhi mbili au tatu za kila juma. Shukeni na wadogo zenu, jua likiisha kupanda na upepo kuanza. Ingieni katika mchezo wenyewe, mhesabiane.

Kwenu wazazi mnaosomewa gazeti hili nyumbani: msimtume mtoto wa miaka 7 peke yake alfajiri na bidoni. Mkituona sisi wakubwa tunakwenda naye, msiseme "Mukubwa huyu hana kazi". Hiyo ndiyo kazi.

Kwenu walimu: kila mwanzo wa mwaka mnatupa insha "Eleza vakansi yako", na wengi wetu tunaandika safari ambazo hatukusafiri, kwa sababu tunadhani ziwa la kila siku si kitu cha kuandika. Mtuulize mwaka ujao: Mdogo wako alijifunza nini kwako katika vakansi? Mtapata insha nyingine kabisa. Na ikiwezekana, somo la mazuku lifundishwe mwezi wa sita, kabla hatujatawanyika.

Na kwa wale wanaojenga kando ya ziwa: mwenye kiwanja ana haki ya kujenga nyumba yake na ukuta wake, hatukatai. Lakini tafadhali acheni njia za watu kwenda majini. Ile asubuhi hatukwenda upande wa mashimo kwa sababu ya ujeuri, tulikwenda kwa sababu njia tunayoijua ilikuwa imefungwa. Mtoto anayefukuzwa mahali anapopajua anakwenda mahali asipopajua.

Tumalizie na habari ya mashua. Siku ya mwisho ya vakansi Kapiteni alitaka tukate kamba ili kandambili iende Banana kweli. Tulikataa, kwa maana plastiki zinazotoka katika ziwa letu zinakwenda kuziba mitambo ya Ruzizi, na umeme unakatika huku kwetu. Akanuna kidogo. Halafu tukachonga mashua nyingine ya shina la mgomba, ambayo ikioza haimdhuru mtu, tukaiweka majini bila kamba. Upepo wa mchana uliirudisha mara mbili kwenye mawe. Mara ya tatu ilishika njia yake, na tulisimama kuitazama mpaka tukashindwa kutofautisha mashua na wimbi.

Kapiteni akauliza itafika Banana siku gani. Tukamwambia hatujui, pengine atakapokuwa humanite. Akafikiri kidogo, akasema basi lazima tuhesabiane mpaka siku ile. Tukahesabu palepale, moja mpaka tano, tukapanda nyumbani.

Tunawatakia masomo mema wote. Mwenye neno la kutujibu aandike, tutasoma kwa furaha.

Ni sisi, ndugu watatu wa nyumba moja.